Kuutafuta Wimbo wa Mtumishi

Nyimbo nyingi za Noeli tunazoziimba huku Songea zilikuja na meli. Hilo halina ubishi, wala si aibu. Lakini upo mmoja ambao, kwa jinsi Wajerumani wenyewe wanavyosimulia, haukutungwa na mwalimu wa kwaya wala na padri. Uliletwa na malaika, tena waliuleta huku wakicheza. Walimshika mkono mtawa mmoja aliyekuwa hoi kwa mateso, wakamwingiza kwenye mchezo wao. Jina la wimbo ni la Kilatini, In dulci jubilo, yaani katika shangwe tamu. Una umri wa karibu miaka mia saba.

Mimi nilianza kuutafuta kwa sababu ya riwaya. Naandika riwaya, na ndani yake yumo mwalimu wa kwaya ambaye ana wimbo mmoja wa ujanani asiokumbuka maneno yake. Wazo hilo sikulitoa mbali. Bibi yangu mzaa mama, aliyesoma kwa masista miaka ya hamsini, ana wimbo anaouimba mdomo ukiwa umefumbwa kila anapochambua maharage. Nikimwuliza maneno ananijibu kwa utani wake wa siku zote, "Mume wangu, maneno yalibaki shuleni. Nilichotoka nacho ni sauti tu." Halafu huongeza kwamba walipokuwa wakiimba walitakiwa kusimama kama nguzo za umeme, ukitikisa bega unatolewa mstarini.

Sasa mtu anayeandika riwaya hawezi kuacha jambo la namna hiyo lipite. Nilikwenda kwa mpiga kinanda mmoja wa hapa mjini nikamwimbia sauti ile. Naimba vibaya, lakini sauti yenyewe ni ya aina ambayo haiharibiki hata kinywani mwa mtu kama mimi. Akacheka, akaipiga papo hapo, akanitajia jina la Kilatini. Akanionyesha pia kitu ambacho sikukiona mwanzoni: mapigo yake yanakwenda kwa tatu tatu, kama mtu anayembembeleza mtoto, au kama mtu anayecheza. "Huu si wimbo wa kusimama," alisema. Basi nikajiuliza, kama si wimbo wa kusimama, nani aliusimamisha?

Tuanze na mtawa mwenyewe. Aliitwa Heinrich Seuse. Vitabu vya Kilatini humwita Suso. Alizaliwa karibu mwaka 1295 katika nchi iliyo kando ya ziwa Konstanz. Ziwa hilo leo limegawanywa kati ya nchi tatu, Ujerumani, Uswisi na Austria, kama Nyasa yetu ilivyo ya Tanzania, Malawi na Msumbiji. Baba yake alikuwa wa ukoo wa kibwana, lakini kijana alichukua jina la ukoo wa mama. (Kwetu Ungonini hilo lingezua vikao!) Alipofika umri wa miaka 13 aliingia utawa wa Wadominiko pale pale Konstanz. Baadaye alipelekwa Cologne, akasoma kwa mwalimu mashuhuri, Meister Eckhart.

Wazungu wana neno la kuwaita watu kama Eckhart na Seuse, wamistiki. Maana yake ni watu wanaosema wameonja umoja na Mungu hapa hapa duniani, si kwa kusoma tu bali kwa kuuishi. Watu wa namna hiyo huwapa shida wakubwa wa dini zote. Mwaka 1329, Eckhart akiwa ameshafariki, Papa Yohane wa 22 alitoa hati ya kulaani sehemu za mafundisho yake. Seuse alimtetea mwalimu wake, na utetezi ule ulimgharimu nafasi yake ya kufundisha.

Maisha yake yameandikwa katika kitabu ambacho ndani yake hajiiti "mimi". Anajiita Mtumishi. Na kitabu chenyewe kina kisa chake, ambacho mimi nakipenda kuliko hata cha malaika. Alikuwepo mtawa mwanamke, Elsbeth Stagel, katika monasteri ya Töss karibu na Winterthur huko Uswisi. Huyu mama kila alipozungumza na Seuse alikuwa akimdadisi, kisha anaandika kwa siri. Seuse alipogundua alikasirika, akataka karatasi zote, akachoma moto fungu la kwanza. Fungu la pili alikuwa karibu kulichoma nalo, ndipo alipozuiwa na ujumbe kutoka mbinguni. Hivyo ndivyo tulivyokipata kitabu. Ingekuwa si yule mama aliyeiba maneno, na ujumbe uliofika kwa wakati, leo tusingekuwa na cha kusimulia kuhusu wimbo huu. Nani anasema waandishi hawana mtetezi?

Kitabu kile hakifichi kitu. Kinaeleza jinsi Mtumishi alivyochukua kalamu ya chuma akalichora jina la Yesu kwenye nyama ya kifua chake, juu ya moyo. Kinaeleza msalaba wa mbao wenye misumari aliouvaa mgongoni miaka minane. Mwishowe, alipokaribia umri wa miaka 40, mwili ukiwa umebaki kivuli, aliambiwa na Mungu aache, akavitupa vyombo vyake vya mateso majini. Mateso mengine hayakutoka mikononi mwake. Mwanamke mmoja alimsingizia mtoto, na jina lake likachafuka mji mzima. Mtu mwingine alimshauri mtoto yule aondolewe duniani. Yeye akampakata, akalia, akaahidi kumlisha. Nilipoifikia sehemu hiyo niliweka simu chini, nikatoka nje kupunga upepo.

Katikati ya maisha ya namna hiyo ndipo wanapokuja malaika. Siku moja Mtumishi akiwa katika mateso aliona vijana wa mbinguni. Mmoja wao alimwambia wametumwa kumletea furaha ndani ya maumivu yake, na kwamba imempasa aache huzuni na acheze nao. Wakamvuta mkono. Kijana yule akaanzisha wimbo wa furaha juu ya Mtoto Yesu, na wimbo huo kitabu kinautaja kwa maneno yake ya kwanza, ndiyo hayo yaliyokuwa jina lake hadi leo. Mtumishi akacheza. Kitabu kinasisitiza kwamba mchezo ule haukufanana na michezo ya duniani. Ulikuwa kama maji yanayofurika kutoka kwa Mungu na kumrudia. Vitabu vingi vinalitaja tukio hilo chini ya mwaka 1328.

Je, ni Seuse aliyeutunga? Ukikisoma kisa kwa makini, hakisemi hivyo. Kinasema malaika aliuanzisha. Wapo wataalamu wanaodhani wimbo ulikuwa tayari unajulikana mitaani, na malaika wa Seuse waliimba kile ambacho masikio yake yalikuwa yamezoea. Mimi naona hilo linawezekana kabisa. Mtu haoti kwa lugha asiyoijua. Lakini hata kama ulikuwepo kabla, ni kisa chake kilichoubeba, na watu waliusimulia kama wimbo wa Mtumishi.

Kitu kingine cha kushangaza ni jinsi ulivyotungwa. Umechanganya lugha. Kipande Kilatini, kipande Kijerumani, vimefumwa kama ukili, hata vina vya Kilatini vinajibiwa na vya Kijerumani. Kilatini kilikuwa lugha ya altare na ya wasomi. Kijerumani wakati ule kilikuwa lugha ya jikoni, ya sokoni na ya kubembelezea watoto. Mwimbaji anavuka mpaka huo anavyotaka bila kuomba ruhusa ya mtu! Shule ya msingi niliyosoma mimi, ukikamatwa unaongea Kingoni unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako. Na Kingoni chetu chenyewe ni nini kama si mchanganyiko? Babu zetu waliotoka kusini na kuvuka Zambezi katika karne ya 19 walikuja na lugha inayofanana na Kizulu, wakaoana na wenyeji, wakatawala wenyeji, na wajukuu wao wakawa wanaongea lugha za mama zao zilizonyunyiziwa maneno ya kusini. Kwa hiyo mtu wa Songea akiusikia wimbo wa lugha mbili hana sababu ya kushangaa.

Baada ya Seuse kufariki mjini Ulm, tarehe 25 Januari 1366, wimbo uliendelea na safari yake. Maandishi ya zamani kabisa yenye sauti yake yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Leipzig, nayo ni ya karibu mwaka 1400. Ulipofika wakati wa Martin Luther na Kanisa likagawanyika, ungetegemea wimbo nao upasuke. Haukupasuka. Waprotestanti waliuchapisha mwaka 1533 katika kitabu cha Joseph Klug, na Wakatoliki wakauweka katika kitabu cha Michael Vehe mwaka 1537. Walichogombania ni beti tu, kwa maana upande wa Luther uliuacha ubeti unaomsifu Mama Maria. Wakubwa wa muziki nao wakaushika: Praetorius, Buxtehude, na Bach ambaye aliufanyia kazi za kinanda zaidi ya mara moja.

Nikitaka kuonyesha jinsi wimbo huu usivyopenda kukaa lugha moja, nitataja tarehe 14 Septemba 1745. Siku hiyo Wamoravian waliokuwa katika mji wa Bethlehem, Pennsylvania, Marekani, waliuimba kwa lugha 13 kwa wakati mmoja, kila mtu na yake. Wenyeji wa nchi ile walikuwemo pia, maana Kimohawk na Kimohican ni kati ya hizo 13. Kelele gani hiyo! Wamoravian hao hao, au tuseme ndugu zao wa kutoka Ujerumani, ndio waliofika Rungwe mwaka 1891, mlima mmoja na ziwa moja kutoka kwetu.

Uingereza iliupokea kwa njia yake. Mwaka 1853 padri wa Kianglikana John Mason Neale, pamoja na mwenzake Thomas Helmore, waliutoa katika kitabu chao cha nyimbo za Noeli. Sauti waliipata kutoka Piae Cantiones, kitabu cha shule za Finland kilichochapishwa mwaka 1582. Neale aliondoa Kilatini chote akaweka maneno mapya ya Kiingereza. Tena Helmore aliposoma noti zile za kizamani alikosea, na kati ya mistari ikazaliwa nyongeza ya noti mbili ambazo Wajerumani hawanazo, na Neale akazitafutia maneno. Vitabu vingi vya baadaye vimeiondoa nyongeza hiyo, lakini ilisafiri mbali pamoja na Waingereza.

Hapa ndipo upelelezi wangu uliponoga. Mkoa wetu wa Ruvuma ulipokea Ukristo kwa milango zaidi ya mmoja. Kando ya ziwa Nyasa, upande wa Liuli, walikuja Waanglikana wa UMCA, watu walio jamaa wa karibu wa Neale kwa mawazo ya dini. Huku juu Ungonini walikuja Wabenediktini wa St. Ottilien, Wajerumani, na mwaka 1898 Padri Cassian Spiss alianzisha misioni ya Peramiho, kilometa kama 24 kutoka Songea mjini. Kama sauti ya Bibi ina zile noti mbili, basi ilipitia mlango wa Kiingereza. Nilimwomba aimbe mara tatu, nikahesabu kwa vidole. Hazimo. Mpiga kinanda naye akahesabu. Hazimo. Kwa hiyo, ingawa si ushahidi wa mahakamani, mimi naamini wimbo wa Bibi ulipita mlango wa Wajerumani.

Na mlango wa Wajerumani huku kwetu una damu. Hili haliwezi kurukwa ati kwa sababu tunazungumzia Noeli. Agosti 1905, Vita vya Majimaji vilipokuwa vimewaka, Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, aliuawa katika nchi ya Liwale akiwa safarini kuja Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Peramiho ikachomwa moto mwaka huo huo. Halafu ikaja zamu ya serikali ya Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1906, hapa Songea, wazee wetu 67 walinyongwa, na kaburi lao la pamoja liko pale Mahenge, penye makumbusho ya Majimaji. Kila mwaka tarehe hiyo tunakwenda. Kabla ya kunyongwa baadhi yao walibatizwa gerezani na padri Mbenediktini. Baada ya hapo mashamba na maghala yalichomwa na njaa ikamaliza waliobaki.

Watoto wa waliobaki ndio waliojaza shule za misioni, na wajukuu wao, kama Bibi, ndio waliosimama kama nguzo. Nimejaribu kuwaelewa wale wamisionari. Wengi wao waliiogopa ngoma kwa sababu waliiona inabeba mambo mengine: jando na unyago, mizimu, pombe, na baada ya 1905 pengine vita. Hawakuwa wajinga. Lakini nikiwaza kwamba watu wale wale walibeba kichwani wimbo ambao kwa kisa chao wenyewe ulifundishwa kwa kucheza, nashindwa kuwamalizia utetezi. Walituletea wimbo, wakaacha miguu yake Ulaya.

Miguu ya watu wa Songea yenyewe haikukaa bure. Nje ya kanisa lizombe iliendelea kurindima, wazee walicheza ligihu, akina mama walicheza kioda. Kule ziwani mganda ulichukua gwaride na bendi za askari wa kikoloni ukazigeuza mchezo, na vibuyu vikalia kama tarumbeta. Mganda ni kinyume kamili cha yaliyompata Bibi, kwa maana pale watu walichukua kitu cha kusimama mstarini wakakipa kiuno!

Aliyeyaandika mambo haya kwa ushahidi wa kisomi ni padri Mtanzania, Stephen Mbunga. Alitunga misa kwa sauti za Kiafrika iitwayo Missa Baba Yetu, na mwaka 1963 kikatoka kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Hakupiga kelele. Alizichukua sheria za Kanisa lenyewe akaonyesha kwamba ndani yake ipo nafasi ya muziki wetu. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake kuhusu liturujia, ambayo inataka muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka 1969 Songea ikawa jimbo, na askofu wake akawa James Komba, Mwafrika. Leo ukiingia kanisani Jumapili ngoma zinalia, masista wanacheza wakipeleka vipaji altareni, na watoto wanadhani imekuwa hivyo tangu Adamu.

Kilichobaki kunisumbua ni jambo dogo la kitabu changu. Mwalimu wa kwaya wa riwaya yangu siku moja inabidi aupate wimbo wake. Nikimpa maneno ya Kijerumani atakuwa amerudishwa shuleni. Nikimpa Kiswahili kitupu nitakuwa nimemfanyia kama Neale alivyofanya. Kwa hiyo namtungia maneno yangu mwenyewe kwa mtindo ule wa zamani, mshororo wa Kiswahili ukijibiwa na wa Kingoni, vina vikishikana. Mzee mmoja wa kwaya nimempelekea daftari. Alisema Kingoni changu ni cha stendi, akakata maneno mawili, akaandika yake pembeni kwa penseli. Sasa tuko ubeti wa pili.